Amplifaya ya Wote

Jumatatu, 3 Juni 1974
Jumamosi fundi mitambo anatoka Dar na mashine zake kuirekodi bendi yetu ya Kihonda. Santuri nzima ya roki! Na solo apige nani? Leonard. Mimi, Alois, niendelee na ridhimu, cha-cha, cha-cha, kama mtu anayepepeta mchele. Leonard ana nini? Vidole vya kawaida kabisa. Ana kidude tu, kaletewa na binamu yake kutoka Nairobi. Ukikikanyaga, gitaa linalia wa-wa-wa kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Nimemwomba nikijaribu, akasema ni chake. Chake! Katika nchi ya Ujamaa! Nikikipata mimi, solo ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa bendi, Mzee Benedikto. Nimempa shikamoo mbili. Nikamweleza kwamba ubinafsi umeingia bendini. Macho yakamng'aa. Mzee yule hajui solo wala besi, ila ukimtajia kikao anapona hata malaria. Kikao kesho.

Jumatano, 5 Juni
Nimehutubia mpaka shati likalowa. Azimio limepita: vifaa vyote ni mali ya wote, kamati itagawa. Rosa, mwimbaji wetu, binti wa Matombo asiyejua kunyamaza, akauliza kama vyote maana yake vyote. Nikamjibu vyote, hata nyaya! Makofi. Leonard naye alipiga makofi. Bwege.

Alhamisi, 6 Juni
Kamati imegawa. Kidude kapewa Yohana wa besi, kwa sababu mguu wake hauna kazi. Besi sasa inalia kama ng'ombe aliyekula sabuni. Amplifaya yangu, ambayo mama aliuza kabichi misimu miwili ili niipate, kapewa Leonard, eti mpiga solo anahitaji iliyo nzima. Mimi gitaa langu nilichomeke kwenye redio kuukuu ya Mzee Benedikto. Nilipinga. Wakanisomea azimio langu mwenyewe. Nusura nilie. Basi, nililia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeamka na akili mpya. Nikanunua wembe dukani kwa Vinubhai. Akauliza nanyoa nini, kidevu chenyewe hakina kitu. Mshenzi. Mchana wenzangu walipokwenda kula, niliingia ukumbini, nikafungua amplifaya kwa nyuma, nikaichana karatasi ya spika. Roho iliniuma, ni yangu ile. Lakini kesho itakoroma, Leonard ataumbuka, na fundi ataomba mpiga solo mwingine. Nimeshachana nywele.

Jumamosi, 8 Juni
Imekoroma. Imenguruma, imekwaruza, kama lori likipanda Mgeta na magunia. Fundi mitambo akaruka kitini, akanipita mimi, akamkumbatia Leonard! Anasema Ulaya watu wanahangaika kuipata sauti hiyo ya roki. Nyimbo zote, solo Leonard. Mimi nimezimwa kwenye wimbo wa pili, kwa sababu redio ya mzee ilianza kusoma bei ya pamba katikati ya kiitikio.

Jumapili, 9 Juni
Mzee Benedikto ameifungua spika, ameona. Baada ya misa akatangaza nje ya kanisa kwamba anamtafuta aliyeichana mali ya wote. Ajitokeze ukumbini saa tisa. Hatimaye! Wamegundua kwamba sauti ile ina mwenyewe, na si Leonard. Mzee alikuwa na uso mzito, wa kiserikali, kama siku za sherehe kubwa. Kaleta na mgambo wawili wenye virungu. Gwaride la heshima, bila shaka. Rosa, aliyeniona Ijumaa nikitoka ukumbini, kanivuta pembeni na kunisihi nipande basi la Gairo sasa hivi nikamsalimie shangazi. Wivu huo! Anaogopa picha yangu ikae mbele ya yake kwenye jalada la santuri.

Nimeazima tai. Saa tisa kasoro niko mlangoni. Wembe nakwenda nao, Leonard asije akabisha.