Kuhusu Bolti za Injini ya Baba Zinazolegea Kila Jumamosi

Kingsbury, London
Alhamisi, 10 Julai

Mheshimiwa Fundi Parminder,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta gerejini kwako Southall ukiwa mzima, pamoja na wote wanaokuzunguka. Mimi ni Haifa, binti wa Mzee Mbarouk, yule mwenye pikipiki ya buluu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa baba amenihakikishia kwamba mtu aliyesoma Nakuru hasahau, na kwa kuwa wanangu mwenyewe, waliozaliwa hapa na wasiojua kukisoma, hawataweza kuichungulia.

Nina malalamiko. Nimeyapima kwa wiki tatu na bado sina hakika kama nimeyapanga kwa haki. Hata hivyo, jambo lenyewe haliwezi kungoja. Kaka yangu Amir ametamka kwamba bolti zinazoishikilia injini zikilegea mara moja zaidi, atachukua ufunguo na kuiuza pikipiki. "Mzee wa miaka sabini na mmoja, injini inacheza kama jino la mtoto," alisema, "mnangoja nini?" Ndiyo maana nakugeukia wewe.

1. Tangu mwezi wa Mei umezikaza bolti hizo mara tisa, na mara tisa zimelegea. Sikutuhumu uzembe. Nimeuona ule mstari wa rangi nyeupe unaouchora juu ya nati na fremu, ili nati ikizunguka ijulikane, na kwa mwezi mzima nimeukagua kila siku. Jumapili mstari umenyooka. Jumatatu hadi Ijumaa, vilevile. Jumamosi asubuhi nati zote nne zimezunguka robo, kwa usawa, ilhali pikipiki haijatoka uani. Nilisoma takwimu chuo kikuu, na mtetemo wenye nidhamu kama huo sijapata kukutana nao. Baba anasema ni baridi: "Chuma cha nchi hii kinasinyaa, mwanangu." Tuko Julai.

Nilifikiria pia uwezekano wa kuwapo mkono wa mtu. Nimeutupilia mbali. Katika nyumba yetu mwenye spana ni baba peke yake, na baba ndiye mlalamikaji.

2. Ipo sheria yako kwamba injini haikazwi ikiwa ya moto. Kitaalamu sina pingamizi. Lakini baba hufika kwako kwa kuiendesha pikipiki hiyohiyo, kwa hiyo injini haijawahi kufika ikiwa baridi, na kila mara hulazimika kungoja saa mbili. Katika saa hizo mbili hupewa chai. Baada ya chai hubainika kwamba chai ilikuwa kidogo. Anaondoka hapa saa tatu asubuhi na kurudi baada ya alasiri, kwa kazi ya nati nne.

Nilipokupigia simu kuulizia, ulinijibu, "Binti, injini ya moto ukiikaza itakudanganya. Mwache mzee anywe chai." Nikamsikia baba nyuma yako: "Mwambie chai yenyewe maji matupu! Nyinyi watu wa bara mnaionea sukari huruma." Nawe ukamjibu, "Na nyinyi wa visiwani mnakunywa sukari, chai ni ya kutia rangi tu!" Mlicheka kwa muda mrefu. Nakukumbusha, kwa heshima, kwamba simu nilikuwa nimepiga mimi.

3. Athari za jambo hili nyumbani ni kubwa. Tangu mama afariki, miaka miwili iliyopita, baba alikuwa mzee rahisi kabisa kumtunza. Alikaa dirishani, akajibu alipoulizwa. Wanangu humwelewa lakini humjibu kwa Kiingereza. Naye aliitikia kwa kichwa, na hapakuwa na aliyemsumbua mwenziwe. Sasa utulivu huo haupo. Jumamosi anarudi ameshiba, anakikataa chakula nilichompikia, na anasimulia. Jumapili anasimulia tena, kwa masahihisho. Kuanzia Jumatatu anatayarisha majibu ya mabishano uliyomshinda, na hunifanyia mimi majaribio. Ijumaa anapiga shati pasi. Nilimuuliza kama nati zinajali shati. "Kwa fundi hakuendwi ovyo," akanijibu.

4. Anacheka peke yake bafuni. Sina hakika kwamba hili ni lalamiko, lakini nimeliandika ili orodha ikamilike.

Hoja yangu basi ni hii. Pikipiki huja kwako kwa sababu nati zimelegea. Lakini kumbukumbu zangu zinaonyesha kwamba nati hulegea siku ile tu ya kuja kwako. Kinachozilegeza, kwa hiyo, ni gereji yako kuwa wazi Jumamosi. Nimelipitia hitimisho hili mara kadhaa nikitafuta kasoro. Nahisi ipo, ila sijaiona.

Naomba, kwanza, uzitie bolti ile gundi ya kushikiza nati ambayo nimesoma kwamba ikishika, mkono wa kawaida hauwezi kuifungua. Gundi ikishindwa, uichomelee injini kwenye fremu moja kwa moja. Na ikiwa kuchomelea hakufai, uifunge gereji siku za Jumamosi mpaka Amir atulie. Najua una wateja wengine. Nati zao zinaweza kulegea Jumanne.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mafundi wenzako, na yule bwana wa duka la vitambaa ambaye nasikia ndiye mwamuzi wa mabishano yenu. Amir anakusalimu ingawa hajui. Wanangu nao wanakusalimu, kwa Kiingereza.

Kwa heshima nyingi na mashaka kidogo,
Haifa Mbarouk

Tanbihi, Jumamosi asubuhi. Barua hii ilikuwa bado mezani. Leo nikiwa jikoni nimemwona baba uani, ameinama na spana. Kumbe Jumamosi iliyopita ulikwisha kutia gundi bila kuombwa. Alijaribu nati ya kwanza, ya pili, zote nne. Kisha akaingia ndani, akanawa mikono, akasema, "Leo zimekaza," akaenda kukaa dirishani na shati lake la pasi. Nilimpelekea chai. Hakuigusa.

Nimelazimika kuyatazama upya matokeo yangu. Nimechukua spana, nikaichomeka kwenye bomba la chuma la mashine ya kufyonza vumbi ili mpini urefuke, na kwa msaada wa goti nimelegeza nati moja, ile ya juu kulia. Nyingine tatu zimenishinda. Kwa ajili ya usalama baba haiendeshi: Jean, jirani yetu mwenye gari la mizigo, anawaleta wote wawili, yeye na pikipiki, na nampa barua hii akukabidhi pembeni. Amir hajui lolote, na tafadhali asijue. Gundi usitie tena.

Baba amekwisha kukaa ndani ya gari, helmeti kichwani. Nimemwambia humo haihitajiki. Amejifanya hasikii.