Koti Lililogeuka Mafuta ya Hanuka

Kwa Mheshimiwa Rabi Getzel Lifschutz,
Mwalimu Mkuu, Shule ya Dini ya Wavulana ya Nahal Yedidya,
Yerusalemu.

Mheshimiwa Rabi,

Amani iwe kwako na kwa wote walio chini ya dari yako. Kwangu amani ilitoka Ijumaa jioni, nilipotia mkono nyuma ya mlango kuchukua koti langu la Sabato nikashika msumari mtupu. Nakuandikia nikiwa nimevaa koti la mvua la shemeji yangu, ambaye ni mfupi na mnene, na nakuomba uisome barua hii kwa umakini ule ule ambao sinagogi zima lilinitazama nao.

Mimi ni Fishel Vaynshtok, muuza vifungo na nyuzi, baba yake Yerahmiel wa darasa la mwalimu wenu Rebe Menashe. Sina ugomvi na Hanuka, sikukuu yetu ya taa. Nimezungusha pia ya Hanuka utotoni, nimekula maandazi ya jemu mpaka mkanda ukakataa kufunga, nimesikia habari za ule mtungi mdogo wa mafuta uliowaka siku nane Hekaluni badala ya siku moja. Nilisikia, nikafurahi, nikaenda kulala. Hiyo ndiyo elimu ya dini niliyoizoea mimi. Mnayoitoa ninyi siku hizi ni nyingine, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla ya sikukuu, Rebe Menashe aliwafundisha watoto kwamba taa ya Hanuka ni wajibu hata kwa maskini wa kutupwa, na kwamba asiye na kitu atauza hata koti lake mwilini anunue mafuta. Sibishi. Sheria ni sheria, na mimi niliisoma nikiwa na umri huo huo. Lakini darasa letu lote liliisoma, na hakuna koti hata moja lililoondoka msumarini. Mwalimu wetu alijua kazi yake. Alifundisha kwa namna ambayo neno linaingia sikio hili, linapumzika kidogo, linatokea la pili.

2. Mwanangu alilichukua koti, sufu tupu, bitana ya hariri, vifungo nilivyovichagua mwenyewe, akalibeba mpaka kwa Reb Kalmen Shor, muuza mafuta wa pale kona. Reb Kalmen anasema alimwambia, "Mtoto, rudisha koti la baba yako, chukua chupa hii bure." Yerahmiel akamjibu, "Bure haifai. Rebe kasema asiye na kitu auze." Basi wakauziana, koti kwa debe zima la mafuta ya zeituni. Kwa mafuta hayo Hekalu lingewaka mpaka leo bila muujiza wowote.

3. Nilimwendea Reb Kalmen nikamwuliza, inakuwaje mtu mzima na ndevu zake afanye biashara na mtoto wa miaka saba? Alinitazama kwa huruma. Unajua kwamba ndiye pia anayepita milango yote ya mtaa na kisanduku cha sadaka ya nguo za baridi. "Fishel," akaniambia, "kila nikigonga kwako unaniambia nyumba hii haina kitu. Kila mwaka, maneno yale yale, na sura ya msiba juu. Ningejuaje kama unatania?" Nikamtaka anirudishie koti. Akasema limeshakwenda kwa mwenye shida, na jina la mpokeaji halitajwi. Mheshimiwa, mtu anaposema mlangoni kwamba hana kitu, kila mwenye akili anaelewa. Ni namna ya kuagana tu. Mtoto hakuelewa kwa sababu hamkumfundisha. Alikuwa akisimama nyuma yangu mara zote hizo, akiamini. Mke wangu Breindl ananiambia kuwa tangu kiangazi mtoto huyu ananiachia nusu ya yai lake kila asubuhi. Nilidhani hapendi mayai. Nilipomkalisha nikamweleza kwamba sisi si maskini, aliniuliza, "Sasa Reb Kalmen huwa unamwambia nini?" Hilo ni swali la utovu wa adabu, na sikulijibu.

4. Wamefundishwa tena kwamba wanawake hawafanyi kazi taa za Hanuka zinapowaka. Desturi nzuri hiyo, nusu saa na mambo yamekwisha. Lakini nyumba ikishakuwa na debe, mwanangu hujaza vikombe vya taa mpaka ukingoni, na zinawaka mpaka mimi nasinzia. Breindl hukaa kitini, miguu juu ya kiti cha pili. Nikiomba chai anasema, "Fishel wee, mwulize mwanao kama nimeruhusiwa." Mtoto huenda dirishani, akachungulia taa, akarudi akitikisa kichwa. Nimekula mkate na kitunguu tangu sikukuu ianze. Breindl ameanza kuulizia kama Hanuka haiwezi kuongezwa.

5. Mimi ni mtu wa kubana matumizi. Taa za Hanuka zikiwaka mimi huzima taa ya umeme, maana mwanga ni mwanga. Nilikuwa nachambua vifungo pale dirishani, mwanangu akaja akavifunika kwa kiganja: "Baba, mwanga huu ni wa kutazama tu. Kuufanyia kazi ni haramu." Aliyasema hayo mbele ya mama mkwe wangu. Mama mkwe akamkumbatia mjukuu wake, akaniambia, "Umeona sasa, mtoto amepita baba yake." Alikuwa akisubiri kuyasema maneno hayo tangu harusi yetu.

6. Wamefundishwa kuutangaza muujiza. Watu wa zamani walitangaza kwa kuweka kinara mlangoni upande wa barabara, wakakaa kimya. Mwanangu husimama dirishani kando ya kinara na kuwapigia kelele wapita njia: "Njooni muone muujiza! Baba yangu hana kitu, na mafuta hayaishi!" Watu wanasimama. Mama mmoja nisiyemjua aliacha sufuria ya supu kizingitini. Ilikuwa na kuku. Niliinywa, kwa sababu zilizoelezwa kwenye namba nne, lakini niliinywa kwa uchungu. Zamani mlango wangu uligongwa na wanaoomba, nami nilikuwa na jibu langu. Sasa unagongwa na wanaoleta, na sijui niwaambie nini.

Haya yote, Mheshimiwa, ni ya sikukuu moja ndogo. Mbele kuna Pasaka, ambapo mtawafundisha kwamba kila mwenye njaa na aje ale. Meza yangu ina viti vichache. Kisha mtafika kwenye sheria ya kuwaachia maskini kona za shamba. Sina shamba, lakini nina duka, na duka lina kona nne. Nimeanza kulala na ufunguo wake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa heshima zote. Koti langu litafutwe na kurudishwa kabla ya Sabato ijayo. Kuanzia sasa watoto wafundishwe hadithi tu, na amri zozote zinazoweza kutekelezwa na mtu asiyefikia kitasa cha mlango zicheleweshwe mpaka wakishaoa. Rebe Menashe ahamishiwe kwa watoto wanaotambaa, maana mtu anayesikilizwa kiasi hicho ni hatari kwa mtaa. Nikikosa haya nitamhamishia mwanangu kwenye ile shule ya ng'ambo ya barabara. Wazazi wanaisifu sana. Mtoto anakaa pale miaka sita na anarudi nyumbani vile vile ulivyompeleka.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, walimu wote, mpishi, na watoto wa darasa la Yerahmiel, ambao nawaombea usahaulifu mwema. Breindl naye anawasalimu akiwa kitini.

Wako katika uvumilivu unaoelekea kwisha,
Fishel Vaynshtok

Nyongeza: Barua hii sikuipeleka posta. Nilikuja nayo mwenyewe jana kwenye sherehe ya watoto hapo shuleni, nikukabidhi mbele ya mashahidi. Ulinipokea vizuri, ukanitia andazi mkononi, na kwa kuwa jemu ilikuwa inavuja nikairudisha barua mfukoni. Ndipo watoto wakaingia. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kiazi iliyochimbwa katikati, ikatiwa mafuta na utambi, wakazipanga juu ya meza ndefu huku wakiimba kila mtu kwa sauti yake. Rebe Menashe alikuwa anapita nyuma yao, akiwashika viwiko wasiungue. Alikuwa amevaa koti langu.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa, Reb Kalmen, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanikanyaga mguu. "Nyamaza wewe," akaninong'oneza. "Mafuta ya viazi vyote hivi unadhani yametoka wapi? Shule haikuwa hata na tone. Mwalimu huyu aliniletea koti lake, hana jingine, nikamwambia chukua tu mafuta ndugu yangu, akakataa kama alivyokataa mwanao. Na lenyewe limechakaa, hata paka wangu halilalii. Kesho yake likaja la kwako. Ningempa nani mwingine?"

Kumbe Rebe ameambiwa kuwa koti limetoka kwa tajiri mmoja asiyetaka jina lake lijulikane. Akawaambia watoto wamwombee mtu huyo. Waliitikia amina, na Yerahmiel wangu aliitikia kwa nguvu kuliko wote, macho kayafumba. Makoti yetu sote ni meusi, mtoto hakulitambua. Sherehe ilipokwisha alinikimbilia, akaning'ang'ania mkono wa lile koti la mvua. "Baba, umeona? Rebe kapata koti! Siku na sisi tukiwa na kitu, tutampa mtu, eti?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimshika mkono, Mheshimiwa, njia nzima mpaka nyumbani.

Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini karatasi hazipatikani bure. Yafute malalamiko yote, isipokuwa namba nne, ambayo Breindl anasema isiguswe na mtu. Rebe Menashe abaki alipo. Koti lisitafutwe. Yule tajiri hataki jina lake lijulikane, na mimi namfahamu, ana sababu zake.

Jambo moja tu. Mwambie Rebe, kama kitu ulichokisikia njiani, asitie ufunguo kwenye mfuko wa ndani wa kushoto. Una tundu, kitu kikiingia kinashuka mpaka kwenye pindo. Nimeuza nyuzi maisha yangu yote, na sikuwahi kuushona.