Mimi na Bata wa Televisheni

Jumatatu, 3 Juni
Shule ya binti yangu inataka mzazi wa kusimulia vipindi vya watoto vya zamani. Jirani yetu fundi saa, ambaye mwanawe yuko darasa hilohilo, kashajitapa kwamba kwao ndiko kulikuwa na televisheni ya kwanza mtaani. Kuwa nayo tu! Nikamwambia binti mimi nilikuwa NDANI yake. Yule mtoto aliyekuwa akihesabu na Bata, kile kikaragosi chenye miwani? Baba yako! Macho yakamtoka. Miaka tisa hajawahi kunitazama hivyo.

Jumanne, 4 Juni
Binti katangazia shule nzima. Mke wangu kaniuliza kama kuna jambo ningependa kurekebisha mapema. Nikasema huo ni wivu. Akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Fundi saa kapata kanda ya kipindi chenyewe, na Ijumaa itaonyeshwa darasani. Lakini mtoto wa enzi zile, nani atajua si mimi? Nimefanya mazoezi ya kuhesabu kwa sauti ya kitoto mbele ya kioo. Koo limekauka.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu tupu! Darasa limefurika, binti kaketi mbele, kasukwa upya. Kanda ikawashwa, Bata akauliza baada ya tatu inakuja ngapi. Kimya. Halafu akasema vizuri sana, nimekusikia! Mtoto hakuwapo. Hajawahi kuwapo! Bata alikuwa akituuliza sisi tuliokaa mkekani nyumbani. Ile sauti ninayoikumbuka miaka yote ilikuwa yangu mwenyewe, sebuleni kwa shangazi. Fundi saa alicheka mpaka akaegemea ubao. Binti alitazama viatu vyake. Iliniuma sana.

Jumamosi, 8 Juni
Mchana binti alikuja kuketi karibu nami. Kisha akasema angefurahi vilevile kama ningesema nilikuwa naangalia tu. Akaniomba nikamwombe mwalimu radhi, na nisidanganye tena shuleni kwake. Nimeahidi. Machozi yalinitoka.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeomba radhi, binti kanishika mkono. Mwalimu, mama mpole, akasema yameisha, ila akashangaa nimekikariri vipi kipindi kile neno kwa neno. Ingetosha kumtaja shangazi na televisheni yake. Nikasema maneno ya Bata niliyatunga mimi. Akauliza nilikuwa na umri gani. Sita, nikasema. Kipaji! Sasa anataka nitunge kipindi kipya, kichezwe Ijumaa mbele ya wazazi wote. Binti akauachia mkono wangu polepole. Nadhani furaha imemzidi.