Mmea Wenye Kadi

Kwa furaha isiyo na kifani, Mamlaka ya Kuoanisha Mimea, yenye makao yake Mbarara, iliwatangazia wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwamba njaa imepewa notisi ya kuhama. Wataalamu walikuwa wamezivua kuta seli za nyanya na za kiazi ulaya, wakaziunganisha kwa umeme, kikazaliwa kiumbe kimoja: juu nyanya, chini kiazi.

Georgette, Mkongo wa Kivu Kusini, alilisikia tangazo hilo akiwa kwenye foleni ya ofisi ya kadi pale Base Camp, binti yake Bella mgongoni. Mumewe, Gervais, ni Mrundi. Miezi minane sasa mtoto hakuwa na kadi, na asiye na kadi hapimiwi posho.

"Nyabo, mama yangu, fomu iko na nafasi moja ya taifa," alisema karani Natanaeli. "Baba Murundi, mama Mukongo. Mimi naandika nini? Rudi wiki kesho."

"Kila siku munasema wiki kesho, na mutoto iko analala njaa!"

Mmea haukusumbuliwa hivyo. Mkurugenzi wa Mamlaka, aliyekabidhiwa pia ofisi hiyo ya kadi, alishabandika waraka ukutani: kiumbe hai chochote chenye wazazi wa aina mbili kiandikwe na kupewa kadi papo hapo, na orodha ifike arobaini kabla ya ziara ya mgeni rasmi. Georgette aliusoma mara mbili.

Bahati mbaya mimea haisomi nyaraka. Kati ya miche arobaini, thelathini na tisa ilikufa. Asubuhi ya ziara, maji yalimfika Mkurugenzi shingoni.

"Natanaeli, orodha ijae leo, ama utoke wewe!"

"Ijae na nini, sir?"

"Chochote kiko kwa waraka!"

Georgette akamshusha Bella mezani. "Shefu, andika huyu. Baba aina moja, mama aina ingine. Na bamama benzangu beko na bengine mingi."

Kufikia saa sita, watoto thelathini na tisa walikuwa na kadi zenye mihuri.

Mgeni akaisoma orodha, akafurahi. "Arobaini! Nipikieni mmoja nionje."

Mkurugenzi akamtazama Bella. Georgette akamkumbatia mwanawe, akacheka bila haya. "Ba kwetu balishaandikwa, shefu. Ya kwenu iko kule mu shamba."

Mmea uling'olewa. Ulikuwa na kiazi kimoja, cha kijani, kidogo kama gololi. Kikachemshwa.

"Anza wewe, mwenye mradi," mgeni akamkaribisha.

Mkurugenzi akatafuna. Machozi yakamlengalenga kwa uchungu wa kiazi hicho. "Tamu," akasema. "Tamu sana."

Mgeni akaridhika, akachomoa kalamu, akaagiza kwamba kuanzia Jumatatu ofisi nzima ya Mbarara ile hicho hicho mchana, Mkurugenzi akiwa wa kwanza kupakuliwa.