Kaka Tsofa na Afisa wa Kazi

Jumatatu, 11 Agosti
Barua imefika dukani kwa baba. Alhamisi afisa wa kazi atakuja kukagua karatasi za wafanyakazi. Mihuri mitatu! Nimeisoma mara nne. Mwenye kuajiri hata mtu mmoja ampe mkataba wa maandishi, amsajili NSSF ya akiba ya uzeeni, amsajili SHA ya matibabu. Hata mmoja! Nchi nzima hii, na wametukumbuka sisi wa kichochoroni Mji wa Kale.

Huyo mmoja ni Tsofa. Mwaka wa tisa anatusongea halwa, hana karatasi yoyote. Baba humwita mwanangu, akaona yatosha.

Jumanne, 12 Agosti
Tsofa katoa neno. Mkewe Joy atajifungua Oktoba, anataka SHA ilipiwe. Hoteli moja Ganjoni iko tayari kumwandikisha. Kufikia Ijumaa asipoandikwa hapa, anahamia huko. Baba hakula. Halwa ya baba bila Tsofa ni gundi. (Nimekiri. Mungu anisamehe.)

Lakini baba asema serikali ikishajua jina lako haikusahau tena.

Nimepata hila! Tutasema Tsofa ni mwana wa baba; mwana wa nyumbani haandikiwi mkataba. Tena ataingia kwenye kadi ya SHA ya baba, yeye na Joy na mtoto. Kusema niliona haya, nikaandika kikaratasi, nikakiweka chini ya kikombe cha kahawa cha baba. Kakubali.

Jumatano, 13 Agosti
Tumemfundisha Tsofa kusema "baba". Alinitazama sana, kisha akaitikia kwa upole. Upole mno, sasa nikifikiri.

Alhamisi, 14 Agosti
Afisa ni Bi Kavumbi. Faili lake! Lina vialamisho vya kurasa vya rangi saba. Aliuliza hali za watu wa nyumbani, mmoja mmoja, mpaka baba akalegea. Mimi nyuma ya magunia ya sukari.

Akauliza, na huyu? Baba akasema mwanangu. Akauliza umri. Baba hamsini na mmoja, Tsofa arobaini na mitatu. Bi Kavumbi hakucheka. Alipiga hesabu na kalamu hewani. Utulivu ule sijauona kwa binadamu.

Akamgeukia Tsofa. Tsofa akafuta mikono.

"Ni kweli, bibi. Mimi ndiye mwana mkubwa. Basi andika na fungu langu la duka hili."

Baba aliketi juu ya ndoo ya samli.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "huyu ni mfanyakazi wangu."

Ijumaa, 15 Agosti
Baada ya sala nimejaza kwa simu fomu zote alizotuagiza Bi Kavumbi. Nambari ya SHA ya Tsofa ikatokea pale pale, kama iliyokuwa ikimngoja miaka tisa. Tsofa aliisoma mara mbili, akaipiga picha, akamtumia Joy. Mkataba baba aliutia saini kama anayeoza binti. Mimi nililia kidogo. Tsofa habanduki.

Jumamosi, 16 Agosti
Barua nyingine! Watu wa zimamoto waja kukagua jiko la duka. Nimepata hila. Tutasema hili si duka, ni sebule yetu, na halwa ni ya wageni. Kosa la juzi nimeshalijua: Tsofa hakufaa kuwa mwana.

Safari hii atakuwa mgeni.