Kivuli Kichwani mwa Mama Waridi

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tisa
Leo ni siku yangu! Mama Waridi amefika hospitali yetu ya Kasongo kutoka Wamaza kwa pikipiki. Kichwa kinamuuma tangu mvua ya mwaka jana, na mimi, Faradji, ndiye wa kukipiga picha kwa mashine yetu mpya ya sumaku. Yeye ni mama wa Malaika. Malaika ndiye nitakayemwoa, ingawa bado hajaambiwa.

Mpango: adabu tele na picha ya haraka. Ile ya haraka inaruka mistari, kompyuta inajaza iliyokosekana. Léontine, mwenzangu wa zamu, anapenda ya polepole. Wivu!

Mashine ilipoanza kugonga, nikamwamkia mama kwa heshima zote. Aliitika vizuri sana. Akaniita "mutoto ya adabu".

Jumanne, tarehe 10
Balaa. Picha ina doa jeupe nyuma ya jicho. Daktari Aganze alilitazama kwa karibu. Kisha akasema huenda ni uvimbe, apelekwe Kinshasa akapasuliwe. Nikasema huenda ni kivuli tu, picha za haraka hutoa vivuli. Akaniuliza, huenda?

Malaika analia uani. Hakunitazama.

Jumatano, tarehe 11
Nimepiga tena. Haraka tena, mama asichoke. Nilimwamkia kwa kirefu ili atulie: nyumbani, mihogo, mbuzi. Alijibu yote, kichwa kikiitika.

Sasa madoa ni mawili!

Nikayafuta kwa kompyuta. Nilivuta alama ya kusafisha mpaka mwisho. Madoa yameondoka. Jicho nalo limeondoka. Daktari anauliza jicho la mama limekwenda wapi.

Kama ni kivuli, watampasua bure. Kama si kivuli, nimeufuta ugonjwa wake. Ee Mungu.

Alhamisi, tarehe 12
Mizigo ya mama imefungwa. Pikipiki ya kumpeleka Kindu, kwenye ndege ya Kinshasa, inangoja mlangoni.

Alhamisi hiyohiyo, mchana
Léontine aliomba picha moja ya mwisho. Mimi akanitoa nje! Nikachungulia dirishani. Alimwambia mama, "Mutu akikuamkia, mujibu mu roho tu. Mungu iko anasikia." Basi, kimya. Hata salamu hakuna!

Picha ikatoka safi. Hakuna doa, na jicho liko mahali pake. Daktari anasema ni tansion, presha ya damu tu, ameze dawa, arudi Wamaza. Kumbe kila nilipomwamkia aliitika kwa kichwa, na kichwa kikitikisika picha inazaa vivuli. Léontine aliyaeleza hayo mbele ya ukoo mzima. Malaika akamkumbatia. Yeye, si mimi!

Nilijifungia chooni nikalia. Mama ni mzima!

Jumamosi, tarehe 14
Nimetafakari sana. Jumatatu anakuja Mzee Souleymane, baba mdogo wa Malaika, masikio yanamvuma. Nafasi nyingine! Nitapiga ya haraka. Lakini salamu ya mdomo, hapana, nimejifunza. Mashine ikishaanza kugonga, nitaingia kimyakimya na kumpa mkono tu. Nitautikisa kwa nguvu, ajue nina heshima.