Yah: Maombi ya Kurudishiwa Rangi Yangu

Nurdin Bakary Matimbwa,
Mitwero,
Lindi.

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Wanamitwero Popote Walipo.

Mheshimiwa Bi. Fauzia,

Kwanza, marahaba. Nayajua malezi yako. Ukiona jina langu juu ya bahasha utaniamkia kabla hujaifungua, kwa hiyo nakuitikia kabisa tusipoteze muda. Isipokuwa kama na wewe umeyaamini yaliyoko kwenye tovuti. Kama ni hivyo, shikamoo yako iweke, nisomee Fatiha.

Pili, nasikitika kukujulisha kwamba niko hai. Nasema nasikitika kwa sababu kila ninayempa habari hii naona inamharibia mipango yake.

Mimi, kama unavyojua, ni karani mstaafu wa ghala la korosho, na nimezoea kulalamika kwa namba. Naomba uniwie radhi na unifuate.

1. Rangi. Tangu Ijumaa picha yangu kwenye tovuti ya jumuiya yetu imekuwa ya kijivu. Imezungushiwa mstari mweusi, na imekaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, chini ya neno TANZIA lililoandikwa kwa herufi kubwa. Maelezo mengine hakuna, na wala hayahitajiki. Mtu wa huku kwetu akiona uso wa mzee umekuwa kijivu ndani ya mstari mweusi hasomi zaidi. Anatafuta kofia yake na kuuliza tunazika saa ngapi. Hilo la tanzia kukaa juu nililipendekeza mimi mwenyewe kikaoni, kwa kuwa ndiyo habari ambayo watu wetu huitafuta kwanza. Nafurahi kuona maoni ya wanachama yanafanyiwa kazi.

2. Chanzo cha kifo changu. Nilikwenda dukani kwa Bwana Valimohamed, ambako kijana wake Altaf huuza misumari na mabati, na akipata nafasi hutengeneza tovuti yetu kwa kujitolea. Kwamba ni kwa kujitolea hata usingeambiwa ungejua. Altaf alinipokea kwa adabu, akaniamkia, akanipa kiti, akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu.

Tulipoelewana, akanifundisha. Anasema ndani ya tovuti kuna programu ndogo ya jumuiya iliyopachikwa, wao huiita plagini, na hiyo ndiyo inayompa kila mwanachama ukurasa na picha yake. Juu yake kuna vazi, wao huliita themu, nalo ndilo linaloamua rangi na nani akae wapi. Altaf aliliona vazi la dukani halitufai, akalikata na kulishona upya. Mwanachama asiyeingia siku nyingi picha yake iwe ya kijivu, akae kwenye kisanduku cha peke yake pembeni, ili wavivu wajulikane. Wazo zuri sana, sina neno nalo. Tatizo ni kwamba mishono hiyo ilitakiwa ishonwe kwenye nakala ya kando, iitwayo themu mtoto, ili ya asili isiguswe. Yeye akaishona kwenye themu mama. Wenye themu huko ng'ambo walipotoa toleo jipya, likaja likafumua nusu ya mishono na kuacha nusu. Kichwa cha kisanduku kikapotea, na kisanduku chenyewe kikahama, kikaenda kukaa chini ya tanzia. Ndani nilikuwamo peke yangu, kwa kuwa simu yangu ya zamani ilidumbukia chooni na nenosiri lilikuwa humo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, mimi sikuugua. Sikugongwa na pikipiki. Niliuawa na ushonaji.

3. Matibabu. Altaf alisema nifute kashe, yaani zile kurasa za zamani ambazo simu hujiwekea akiba. Nikafuta, nikabaki marehemu vilevile. Akasema majirani nao wafute. Hebu fikiria, Bi. Fauzia: unatoka mlango hadi mlango, watu wanajua umekufa, nawe unawaomba wafute kashe! Bi mkubwa wa nyumba ya tatu alinifungia mlango kwa komeo na nikamsikia anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya juu.

Baadaye Altaf akasema dawa ni kuzima plagini zote, halafu kuziwasha moja moja mpaka mkorofi ajulikane. Akazizima. Tovuti ikawa nyeupe pee, hakuna picha ya mtu yeyote, na kwa muda jumuiya nzima tukawa marehemu. Sikufichi, nilijisikia vizuri kupata wenzangu. Alipowasha tena, tangazo la mnada wa korosho likawa limeandikwa kijani juu ya kijani, na kitufe cha kuwasiliana na uongozi kimejificha nyuma ya uso wangu. Sasa anayetaka kuwaarifu kwamba niko hai inambidi anibonyeze pua, na ukinibonyeza pua unafunguka ukurasa wa kutoa pole. Pole zimefurika. Asanteni.

4. Watani. Hapa naomba ukae kitako. Mila yetu unaijua: msiba ukitokea, watani ndio wenye shughuli. Wanachimba, wanaamrisha, wanadhihaki, na mfiwa haruhusiwi kununa. Mtani wangu Iddi alifika wa kwanza na kundi lake, akanikuta nimekaa barazani nakunywa chai. Mtu mwenye haya angegeuza. Iddi alinisukuma kwa bega, nimpishe atandike majamvi. Nilipomwambia kwamba niko hai alinijibu kuwa tovuti ni tangazo rasmi la jumuiya, na mimi ni mtu mmoja tu, tena mwenye maslahi yangu.

Wakachinja jogoo wangu. Iddi akavaa kanzu yangu na kofia yangu, akawa anazunguka uani huku anakohoa kabla ya kila neno, ati ndivyo nifanyavyo, na kulalamika kwa namba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka na mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilipodai kanzu yangu, akasema desturi ni mpaka apewe kitu, na kwamba maiti haina ruhusa ya kujadiliana na watani. Nimepekua katiba ya jumuiya kutafuta kifungu cha kumnyamazisha. Hakimo. Naomba kiwekwe.

Binamu yangu wa Kilangala naye aliacha palizi ya mikorosho yake akaja mbio. Aliponikuta nimekaa, alikasirika, akaniambia kwamba mtu akibadili mawazo angalau atoe taarifa.

5. Sifa. Chini ya picha yangu wanachama wameandika maneno ya kuniaga. Nimeyasoma yote, nina muda. Mikaeli ameandika kwamba nilikuwa mpole. Naomba yafutwe, ni uzushi, na wanaonijua watadhani ni tanzia ya mtu mwingine. Mwingine ameandika tu "daah", akaweka kidole gumba. Mtu umeishi Mitwero umri wote, umesuluhisha ndoa za watu, umezika wazazi wao, halafu daah! Naomba iundwe kamati ndogo ya kuandika sifa zangu upya, nami niwe katibu wake.

6. Mke wangu. Zakia anajua vizuri kwamba sijafa, maana mimi ndiye niliyemwuliza asubuhi chai iko wapi. Lakini akina mama wamemkalisha kwenye mkeka, wamemfunika khanga, na wamemwambia mfiwa hawashi moto. Tangu hapo ameshika sana mila. Kila nikijitokeza, ananitazama kama mtu anayetazama kazi zikirudi. Chakula kinaletwa na majirani, na mimi nakula hitima yangu mwenyewe, sahani mkononi, nimesimama nyuma ya mlango.

Wali wa jana ulikuwa umepungua chumvi. Sikusema kitu. Nimeshawahi kusema mara moja katika maisha yangu, na hilo linanifikisha kwenye jambo lililonishikisha kalamu.

7. Dada yangu. Ninaye dada mkubwa, Scholastica, tumbo moja. Aliolewa na marehemu shemeji yangu Sebastiani huko milimani Kipatimu, akabatizwa huko misheni, na huko ndiko anakolima mpaka leo. Mama yetu alipotangulia, yeye ndiye aliyenilea. Kwenye arusi ya binti yangu Nusaiba alikuja na sufuria lake kubwa akapika pilau, kwa sababu hakuna shughuli ya kwetu ambayo pilau yake hupikwa na mkono mwingine. Nilionja, nikasema mbele ya watu kwamba imepungua chumvi. Nilisema kwa nia njema, kwa faida ya wageni. Na ilikuwa imepungua. Hata Iddi alionja, akatazama pembeni.

Dada alifunika sufuria, pilau ikiwa ndani, akalipakia kwenye gari la Kipatimu na kuondoka nalo. Tangu siku hiyo hajaniitikia shikamoo. Namba yangu ameizuia. Nilipomfuata kwenye msiba wa shemeji nikamwamkia mbele ya mapadri na watu wote, alitazama juu ya kichwa changu kama anayeangalia mvua. Bi. Fauzia, mtu mzima kama mimi kusimama na shikamoo yake hewani bila wa kuipokea ni adhabu ambayo hata mahakama haina.

Sasa nauliza: habari hii ya kijivu ikimfika kule milimani, itakuwaje? Atajua kwamba nimekufa kabla hajajua kwamba nilikuwa nangoja. Simu yangu haiingii kwake, kwa hiyo mimi mwenyewe sina njia ya kuikanusha. Sitaki dada yangu anililie bure. Akitaka kunililia aniambie kwanza, tukae, tujue analia kwa lipi. Hili peke yake linatosha kuifanya jumuiya iitishe kikao cha dharura.

8. Maombi. Kwa hayo yote naomba yafuatayo bila kuchelewa. Rangi yangu irudishwe leo hii, na iwe ile ya zamani, kahawia iliyoiva. Si hii ambayo Altaf alinijaribishia juzi, iliyonifanya nionekane nimepakwa manjano. Kisanduku kirudishwe pembeni. Mishono yote ihamishiwe kwenye themu mtoto, na themu mama asiguswe tena na mtu yeyote maadamu niko hai, jambo ambalo naona bado linajadiliwa. Uongozi utoe tangazo la uhai wangu kwa herufi zilezile zilizotumika kuniua. Kama hayo hayawezekani, basi nipewe haki zangu za umarehemu kikamilifu: nifutwe kwenye orodha ya kazi za pamoja za msaragambo, nisiitwe tena vikaoni, na nisitakiwe kuchangia hoja yoyote. Mkinikuta nachangia, mjue ni mazoea tu.

Wala msinijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Lilipokuwa linafanyiwa kazi ndipo nilipokufa.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, wale wanaohudhuria na wale ambao sisi tunawaona kwenye picha tu. Msalimie Altaf, mwambie sina kinyongo naye, na mama yake Bi. Rabiabai mwambie bajia alizoleta msibani zilifika. Nilizila mimi. Zilikuwa nzuri kuliko msiba wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa jumuiya, na ninayepumua hadi wakati wa kutia sahihi,

Nurdin Bakary Matimbwa

Baada ya sahihi: Bi. Fauzia, barua nilikuwa nimeshaifunga, imenibidi niifungue. Msiguse kitu! Mkimbilie Altaf sasa hivi umwambie aache misumari yake aje asimame karibu na kompyuta, asibonyeze chochote. Hiyo rangi ya kijivu iacheni ilivyo, na kama kuna kijivu kilichokolea zaidi, akiweke.

Dada Scholastica amepiga simu kwa Zakia. Habari imemfika. Zakia alipokea, akamsikia wifi yake analia, naye akaanza kulia, na hapo mtandao ukakatika. Kwa hiyo hakuna neno la uongo lililosemwa na mtu. Kabla haujakatika dada alisema yuko njiani, gari limekwama kwenye matope huko milimani wanalisukuma, na kwamba pilau ya hitima ya mdogo wake haipiki mtu mwingine. Sufuria analo.

Mkinirudishia rangi leo na yeye akaona, atashukia hukohuko njiani na kurudi kwao. Ninamjua. Niacheni nife mpaka afike. Iddi nimeshamwomba akae mlangoni na maji ya kunywa, na amekubali bila kudai kitu, hata kanzu amenirudishia nikampokee nikiwa nadhifu. Nitakohoa nikiwa mbali ili asishtuke. Kisha nitamwamkia, nisimame hapohapo na shikamoo yangu. Pilau nitakula, na nitasema chumvi imetosha, iwe imetosha isiwe imetosha.

Akishaniitikia marahaba, mtume Altaf anirudishie rangi.